Mguu Wangu, Kikao Chao

Mimi ni msusi. Mtu akikaa mbele ya msusi akainamisha kichwa, mdomo unafunguka wenyewe. Nimesikia ndoa za watu, mimba za watu, ugomvi wa watu na mama wakwe zao, na hakuna hata neno moja lililovuka mlango wa saluni yangu. Ndiyo maana hasira yangu haiishi. Mimi niliyewatunzia watu siri mtaa mzima, siri yangu mwenyewe ilikuwa inazungushwa wodini mchana kweupe. Nesi anaijua, mfagiaji anaijua, shemeji yangu anaijua mpaka na mke wake. Asiyeijua ni mimi tu, mwenye mwili.

Ilianza na viatu. Nilinunua viatu vipya, vya kufunika, vizuri kweli kweli, vikawa vinanibana pembeni. Nina sukari, na sukari imeshanitia ganzi miguuni, kwa hiyo sikusikia kitu. Nikasimama navyo kutwa nzima nasuka. Nilipovua jioni nikakuta soksi imegandana na kidonda. Nikapaka dawa, nikafunga, nikaendelea na kazi, na kidonda nacho kikaendelea na kazi yake. Mwanangu wa kwanza, ambaye ni fundi simu, alipokiona akaniambia, "Mama, twende hospitali sasa hivi," na kweli tukaenda.

Daktari Mkuu wa wodi ni mwanamume mpole, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Akaniangalia mguu, akaubonyeza huku na huku, akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi. Tutakulaza kidogo, tukisafishe kidonda, tushushe na sukari." Halafu akamgeukia mwanangu. "Kijana, hebu tuongee pale nje."

Na hapo ndipo mambo yangu yote yalipohamia, nje, kwenye korido, karibu na ndoo za kudekia. Kila asubuhi daktari anakuja na kundi la wanafunzi wake, wanajipanga mwisho wa kitanda, wanaongea lugha yao ya vitabuni, wanaandika, wanautazama mguu. Usoni kwangu hatazami mtu. Wakimaliza, Daktari Mkuu ananigusa bega. "Unaendelea vizuri, mama." Kisha anamwita mwanangu nje.

Mwanangu akirudi macho mekundu, meno nje. "Wamesemaje?" namuuliza. "Wanasema unaendelea vizuri, mama." Haya.

Siku moja nikamwambia daktari, "Mbona nasikia harufu?" Akasema, "Ni dawa, mama." Jamani, mimi nimeshika dawa za nywele tangu nikiwa msichana, zile kali zinazotoa machozi. Harufu ya dawa naijua. Ile haikuwa dawa. Lakini daktari ameshasema, wewe nani ubishe? Na nesi naye akija kubadilisha bandeji anavuta pazia, ananilaza chali, anasema, "Usiangalie, mama, utajipandishia presha bure." Anafunga ile bandeji mpaka mguu unakuwa mkubwa kama mto wa kulalia.

Sasa nimlete shemeji yangu. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na sisi tunamwita Mwenyekiti. Hajawahi kuchaguliwa na mtu yeyote kuwa mwenyekiti wa chochote, lakini wakikusanyika watu watatu mahali, yeye anafungua kikao. Nilikuwa nawaona dirishani, wamesimama uani karibu na bomba la maji, Mwenyekiti katikati kainua kidole, mwanangu kainamisha kichwa, na ndugu wengine wa mume wangu wamewazunguka wanaitikia. Nikajua labda wanaongelea mambo ya ukoo. Wakiingia wodini wamebeba maboksi ya juisi, tena juisi zisizo na sukari, wanacheka kama wametoka harusini.

"Shemeji, unang'aa!" anasema Mwenyekiti.

"Nang'aa nini, nimekonda hivi? Mnanirudisha lini nyumbani? Wateja wananipigia simu."

"Haraka haraka haina baraka, shemeji. Tulia utibiwe."

Nikatulia. Siku zikapita, wiki ikaingia nyingine, mimi nakunywa juisi.

Kitanda cha pili, kile kilicho chini ya dirisha la korido, alilala mama mmoja aliyevunjika nyonga. Wodi nzima tulimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Alijua nani kajifungua, nani kafukuzwa kazi, daktari gani kamnunia nesi gani. Mchana mmoja tunakula, Redio akaniambia bila hata kunitazama, "Shoga, na mimi nikuulize. Kwa nini hutaki wakukate?"

"Wanikate nini?"

"Mguu."

Nikamwangalia. Naye akaniangalia, kijiko kimesimama njiani, na nikaona uso wake unabadilika polepole, anaelewa alichokifanya. Redio ikazima.

"Sema," nikamwambia. "Umeshaanza, malizia."

"Shoga, nisamehe. Wanasimama hapa dirishani kwangu kila siku. Daktari anasema ukatwe, ndugu zako wanasema bado. Nilijua na wewe umo."

Simo! Mimi mwenye mguu simo! Niliweka sahani chini, nikakaa, nikaanza kuifungua ile bandeji kwa mikono yangu. Mikono ya msusi haishindwi na fundo. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu, harufu ikanijaa puani, na Redio akageukia ukutani.

Vidole vilikuwa vyeusi. Si vyeusi kama ngozi yangu, hapana, vyeusi vya kufa, vimekauka, na weusi umepanda mpaka katikati ya unyayo. Juu yake mguu umevimba mpaka umemeza kifundo. Nilivishika. Sikusikia chochote. Hofu iliyonishika pale siwezi kuisimulia. Halafu nyuma ya hofu ikaja hasira, ikaipita hofu, ikakaa mbele.

"Daktari!" Nilipiga kelele wodi nzima ikashtuka. "Niitieni daktari!"

Nesi akaja mbio. "Mama! Nani amekuambia ufungue?"

"Na wewe nani alikuambia ufunge?"

Akasimama pale na mkasi wake, kisha akaenda kumwita mkubwa wake.

Daktari Mkuu alikuja peke yake, bila wanafunzi. Akavuta pazia. Nikalivuta likarudi lilikotoka. "Leo liache wazi," nikamwambia. "Niambie. Mguu wangu unatakiwa kukatwa?"

"Mama, naomba kwanza utulie..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Akavaa miwani, akaivua. "Tangu ulipolazwa tulishauri upasuaji. Lakini mama, sisi tuna utaratibu. Jambo zito tunaanza na ndugu. Niliwahi kumwambia mgonjwa mmoja uso kwa uso, hapa hapa wodini. Akatoroka. Tulikuja kusikia amefia kwa mganga. Tangu siku hiyo nimejifunza."

"Umejifunza nini? Yeye katoroka yeye, mimi nikaadhibiwa mimi?"

"Ndugu zako hawakukubali, mama. Tuliheshimu familia."

"Mimi nina akili timamu?"

"Ndiyo."

"Ni mtoto mdogo?"

"Hapana, mama."

"Ulinikuta nimezimia?"

Akatikisa kichwa.

"Basi sikiliza. Mteja akija kwangu namuuliza, mama, nikupunguzie hapa mbele au niache? Namshikisha kioo ajione. Na hizo ni nywele, daktari. Nywele! Kitu kinachoota tena. Wewe una mguu wa mtu mkononi, unakwenda kumuuliza shemeji yake?"

Akaanza kuifuta miwani yake. Nikamwambia, "Waite wote. Waje hapa kitandani. Na leo hakuna cha nje."

Walikuja jioni ile ile, mwanangu na Mwenyekiti mbele, wengine wamebanana mlangoni. Bandeji sikuwa nimeruhusu ifungwe. Nilitaka wauone. Mwanangu aliutazama mara moja tu, akatazama sakafu. Mwenyekiti akakohoa, akaweka mikono nyuma.

"Ndugu zangu," akaanza, "tumekutana hapa..."

"Hatujakutana," nikasema. "Nimewaita. Shika stuli ukae."

Akakaa. Nadhani hata yeye alishangaa kwamba amekaa.

"Nani alisema nisiambiwe?"

Mwanangu akasema kwa sauti ya chini, "Mimi, mama."

Nilidhani angesema Mwenyekiti. Nilikuwa nimeshamwandalia Mwenyekiti maneno yake yote. Kumbe ni huyu, niliyemzaa mimi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya baba." Machozi yakaanza kumtoka, mwanamume mzima. "Baba aliambiwa. Daktari alimwambia ini limekwisha, akageukia ukutani, hakula tena, mwezi haukuisha. Yale maneno ndiyo yaliyomuua, mama. Nikasema sitaki na wewe uuawe hivyo hivyo."

Nilimwonea huruma, sitadanganya. Lakini huruma haikuizima hasira, zilikaa zote mbili kifuani zikinigombania. "Baba yako aliuawa na ini," nikamwambia. "Hakuuawa na maneno. Hujui wewe, ulikuwa mdogo. Aligeukia ukutani siku mbili tatu, halafu akageuka, akaniita. Akanionyesha karatasi za kiwanja ziko wapi. Akamwomba msamaha dada yake waliyekuwa hawasemeshani. Akakuweka mkono kichwani wewe hapo. Aliaga kama mtu. Mimi mlitaka niage vipi? Kwa juisi?"

Mlangoni mtu akapenga kamasi.

"Shemeji," Mwenyekiti akaingilia, "usimlaumu kijana peke yake. Jambo tulilikalia kikao. Mara ya kwanza daktari alipomwambia, kijana akasema anisubiri mimi. Mimi nikasema hatuwezi kuamua bila kina shangazi. Kina shangazi wakafika, tukaona ni zito. Wewe ni mwanamke wa kazi ya kusimama. Bila mguu utakuwa mzigo, utanyanyasika. Na binadamu aende alivyokuja, mzima."

"Aende wapi?"

"Yaani... ikifika."

"Nimekwambia naenda? Mwenyekiti, nimekuaga mimi?"

"Shemeji, tulikuwa tunakulinda. Tulihofia mshtuko."

"Haya, nimeshashtuka. Mnaniona nimekufa? Na hiyo kazi ya kusimama, kwani mimi nasuka kwa miguu?"

Redio alicheka kwa sauti, akajishika nyonga akilalamika maumivu, wodi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa walikuwa wanahesabu kunguni wangu wakiwa wamesimama bombani.

Nikamgeukia daktari, aliyekuwa amejibanza pembeni kama mgeni. "Sasa nieleze mimi. Wao wasikilize tu."

Akaanza. Mishipa ya pembeni, mzunguko hafifu, maambukizi ya tishu, sijui nini na nini. Nikainua mkono. "Anza upya. Nimetoka na maneno mawili tu hapo." Akaanza upya, amesimama vile vile, anaongea na ukuta juu ya kichwa changu. "Kaa," nikamwambia. "Kaa hapa. Niambie kama unavyoongea na mama yako."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mguu mbaya. Nilimwona anavuta pumzi. Halafu akaongea kama binadamu.

"Mama, damu haifiki huku chini. Nyama isiyopata damu inakufa, na ikishafa hakuna dawa ya kuifufua. Ile iliyokufa inaozesha iliyo hai, ndiyo maana inapanda. Uchafu wake ukiingia kwenye damu ukaenea mwilini, tunakupoteza."

"Kwa hiyo kusafisha na kufunga, kusafisha na kufunga, hakukuwa kunaponya?"

"Hakukuwa kunaponya. Kulikuwa kunatupa muda."

"Muda wa vikao."

Akainamisha kichwa.

"Na mkikata?"

"Tukikata kesho asubuhi, chini ya goti, una nafasi ya kuishi. Kuna watu wanatembea na mguu wa bandia, wanafanya kazi zao. Itachukua mazoezi, na kuna maumivu, sitakuficha."

"Nitapona?"

Nikaona anataka kuniambia kile cha kila siku, kwamba naendelea vizuri. Akakimeza. "Sijui, mama. Nafasi ipo. Lakini imepungua."

"Sijui" lilikuwa neno la kwanza la kweli kuambiwa tangu niingie mle ndani. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sababu niliogopa, kwa sababu nilikuwa naupenda mguu wangu, niliuchezea ngoma za harusi za watu chungu nzima, na kesho ungekwenda kutupwa. Mwanangu akataka kunikumbatia, nikamwambia bado, asubiri.

Nilipojifuta nikasema, "Leteni kalamu."

"Shemeji," Mwenyekiti akainuka, "basi tupe hata usiku mmoja tukae..."

"Mmekaa vya kutosha. Kila mkikaa nyie, mguu wangu unapungua."

Nikaweka sahihi. Daktari akaniuliza, na safari hii aliniuliza mimi, "Mama, tukifungua tukakuta imepanda zaidi ya tunavyoona, unaturuhusu tupande?" Nikamwambia, "Pandeni mnapotakiwa. Ila mkitoka huko, mje kuniambia mimi. Si kijana, si Mwenyekiti. Mimi."

Asubuhi wakanipeleka. Mwanangu alitembea pembeni ya kitanda mpaka kwenye ule mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kupita, na pale nikamwachia anishike mkono. Sikumwambia nimemsamehe. Nilikuwa bado.

Nilipozinduka vizuri ilikuwa tayari siku nyingine. Mdomo mkavu, kichwa kizito. Nikatazama shuka. Upande mmoja liliinuka kama kawaida mpaka mwisho wa kitanda. Upande wa pili liliinuka kidogo tu pajani, halafu likalala bapa. Nikapitisha mkono juu yake. Goti sikulikuta.

Daktari Mkuu alikuja na wanafunzi wake wote, wakajipanga kama desturi yao mwisho wa kitanda. Lakini yeye hakusimama nao. Alikuja kichwani kwangu, akavuta stuli. Mwanangu alikuwa upande wa pili, na daktari hakumwita nje.

"Mama," akasema, "tulikuta imepanda kuliko tulivyofikiri. Nyama ilikuwa imeharibika mpaka karibu na goti. Ilibidi tukate juu yake. Homa imeshuka, damu inasafishika. Naamini utaishi."

"Asante kwa kuniambia," nikasema, na nilimaanisha. Kisha nikamuuliza lile ambalo katika makelele yote sikuwa nimekumbuka kuuliza. "Siku ile ya kwanza niliyokuja hapa na viatu vyangu mkononi. Kama ungeniuliza mimi, na mimi nikakubali, ungekata wapi?"

Akaangalia wanafunzi wake, akaniangalia. "Mama, hayo yamepita. Tuangalie mbele."

"Wapi, daktari? Nionyeshe."

Mguu wa kuonyeshea haukuwepo. Ilibidi ainuke, azunguke kitanda, afunue shuka upande wa mguu uliobaki. Aliinama, akashika kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa.

"Hiki," akasema.

"Na nini kingine?"

"Hiki tu, mama."

Mwanangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu, akaketi sakafuni pale pale. Daktari akataka kukiachia kile kidole anifunike. Nikamwambia asikiachie. Nikamwambia aendelee kukishika hivyo hivyo, awaeleze wanafunzi wake kilichotokea tangu mwanzo, kwa Kiswahili, mpaka yule aliyesimama nyuma kabisa aelewe.